Mkono Ukishikwa: Mwongozo Kamili wa Mazoezi ya Kujinasua

Mtu akikushika kifundo cha mkono kwa nguvu, mwili wako utataka kuvuta. Ndivyo alivyofanya kila mtoto aliyewahi kushikwa na mama yake wakielekea chumba cha sindano, na kila mtoto anakumbuka matokeo: mama haachii. Anayevuta anapambanisha msuli wa mkono mmoja na uzito mzima wa mtu. Tena kiganja ni kipana kuliko kifundo, kwa hiyo ukivuta moja kwa moja kuja nyuma, kiganja chako kinakwama kwenye ngumi ya aliyekushika kama fundo la kamba kwenye tundu.

Sanaa za mapigano za Kijapani zinaiita kazi hii tehodoki. Te ni mkono, na hodoki inatokana na kitenzi cha kufungua kilichofungwa, kama fundo la kamba. Neno lenyewe limeshakupa somo la kwanza, maana fundo halifunguki kwa kuvutwa, ukilivuta linakaza. Kwenye jujutsu ya kale mshiko wa mkono ulikuwa na sababu nzito: ukimshika mtu mkono wa kulia, umemzuia asichomoe upanga. Kodokan, makao ya judo yaliyoanzishwa na Jigoro Kano mwaka 1882, yalipotoa kata ya kujihami, yaani mfululizo wa mbinu uliopangwa, mwaka 1956 iitwayo Kodokan Goshin Jutsu, mbinu 7 za mwanzo kati ya 21 ziliwekwa kwa ajili ya mtu ambaye tayari ameshikwa: mikono, ukosi, shingo, au kukumbatiwa kwa nyuma.

Hapa Dodoma hakuna anayetembea na upanga kiunoni, lakini mikono inashikwa kila siku. Shuka stendi ya Nanenane na begi, wapiga debe watatu watakushika kabla hujasema unakwenda wapi. Dada anayerudi nyumbani usiku kutoka kazini anaweza kushikwa na mtu mwenye nia nyingine kabisa. Mazoezi yale yale yanapaswa kuwafaa wote wawili, ndiyo maana nasisitiza kujinasua kabla ya kupiga na kabla ya kuvunja kiungo cha mtu. Mpiga debe hastahili kuvunjwa mkono.

Nimeona wanafunzi wengi wanaojua njia kumi za kujitoa, tena kwa majina ya Kijapani, na hakuna hata moja inayofanya kazi siku mtu anaposhika kweli. Kwa muda mrefu nilidhani kasoro iko kwenye mbinu zao. Haikuwa huko. Ilikuwa kwa wenzao waliokuwa wakiwashika kimlenda, mkono unateleza wenyewe. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na anayeshika.

Mshikaji

Kwa Kijapani anayeshika na kupokea mbinu anaitwa uke, na anayeifanya mbinu ni tori. Neno la kwanza lina maana yake kwenye Kiswahili, na ukilitamka mbele ya vijana wa miaka kumi na mitano nusu ya kipindi inapotea. Tukaamua kusema mshikaji na mshikwa. Baadaye ndipo nilipoona kwamba lugha ilikuwa imetupa zaidi ya tulichoomba, kwa sababu mshikaji mtaani ni rafiki, na mtu anayekushika dojoni, yaani mahali pa mazoezi, lazima awe rafiki yako kwelikweli. Akikuachia kirahisi anakudanganya. Akikukomoa kwa sababu anajua mbinu inayokuja, anakudanganya pia, maana mtu wa barabarani hajui utafanya nini.

Mshikaji mwema anafanya hivi. Kiganja chake kinagusa ngozi yote, hakibaki na uwazi katikati. Anakaza kuanzia kidole kidogo na cha pete, kisha vingine vinafuata. Wakulima na wafugaji wanashika hivyo bila kufundishwa, angalia mtu anavyoshika mpini wa jembe. Anasimama imara, goti limelegea kidogo. Ana nia moja anayoijua kabla hajashika: kukuvuta, kukusukuma, au kukuzuia usiondoke. Mshiko usio na nia haupo duniani, na ndio unaofanyiwa mazoezi zaidi.

Sisi tuna viwango vitatu, tukavipa majina ambayo kila mtu hapa anayaelewa bila maelezo marefu.

Mshiko wa salamu ni ule wa kumshika mzee mkono kwa heshima. Unagusa, hauzuii. Ni wa kujifunza njia tu.

Mshiko wa dumu ni wa kubeba dumu la lita ishirini kutoka bombani. Mkono umekaza, haulegei, lakini mwili umetulia.

Mshiko wa kamba ya ng'ombe ni wa mtu anayemzuia dume asiingie shambani. Mkono umekaza na miguu inatembea. Ng'ombe akienda kushoto naye anakwenda, akivuta anavutwa nusu hatua kisha anarudisha. Kiwango hiki ndicho ukweli, na hakuna anayekifikia kabla hajakaa wiki kadhaa kwenye viwili vya kwanza.

Mshikwa ndiye anayetaja kiwango. Anasema "dumu", mwenzake anashika dumu. Asiposema, ni salamu. Utaratibu huu mdogo umepunguza majeraha kwetu kuliko onyo lolote nililowahi kutoa.

Uwanja, saa, na mikono yenyewe

Dojo zetu nyingi hazina mikeka ya Kijapani. Sisi tunafanyia chini ya miarobaini, Kikuyu ya hapa Dodoma, na kwa kujinasua tu ardhi ngumu inatosha kwa sababu hakuna kuangushana. Lakini fagia. Mbigili za kiangazi zinapenya hadi soli nyembamba, na mtu aliyechomwa unyayo anaruka bila mpango huku mkono wake umeshikwa. Ukitaka kuongeza maangusho baadaye, tandaza maranda ya mbao kutoka kwa mafundi seremala, unene wa kiganja kilichosimama, zungushia matairi chakavu kuyazuia, kisha funika kwa turubai lililokazwa pembe zote. Kila wiki lifungue uyasawazishe, maana maranda hukimbilia pembeni.

Saa kumi na mbili asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni. Miezi ya Juni hadi Septemba upepo unabeba vumbi na ngozi inakauka, mshiko unanata. Oktoba na Novemba joto linapanda, jasho linatoka, na mkono unateleza hata bila mbinu. Usijisifu kwa matokeo ya Novemba. Siku za joto tunafutana mikono kwa kitambaa kikavu kabla ya kila zamu.

Kucha zikatwe. Pete, saa, bangili na shanga za mkononi zivuliwe zote. Pete inaweza kuchuna ngozi ya kidole mkono unapozunguka. Na omba ruhusa kabla ya kumshika mtu, kila siku, hata kama mmefanya pamoja mwaka mzima. Dada akitaka kufanya na dada mwenzake, hilo halijadiliwi.

Mlango wa kidole gumba

Ngumi inayokushika ni ukuta wenye mlango mmoja. Vidole vinne upande mmoja, kidole gumba upande mwingine, na pale ncha zinapokutana ndipo penye udhaifu. Kifundo chako nacho si cha duara; kimebonyea, kipana upande mmoja na chembamba upande mwingine, kama rula. Kazi yote ni kuugeuza upande mwembamba uelekee mlangoni, kisha kupita.

Sasa tufanye mshiko wa kwanza taratibu kabisa. Mwenzako yuko mbele yako. Kwa mkono wake wa kulia anakushika kifundo cha kushoto, kiganja chake kikiwa kimekuja kutoka juu. Wana aikido, sanaa nyingine ya Kijapani, wanauita katate-dori.

1. Fungua vidole vyako vyote, vitandaze. Ukikunja ngumi, kigasha (sehemu ya mkono kati ya kifundo na kiwiko) kinakakamaa mpaka begani na huwezi tena kuzungusha. Vidole vikifunguka, mishipa ya kifundo inatuna na mwenzako anahisi mkono umenenepa.

2. Angalia kidole gumba chake kiko wapi. Kwenye mshiko huu kiko upande wa ndani, kuelekea katikati ya mwili wako. Mlango uko huko.

3. Sogea. Hatua fupi ya mguu wa kushoto, mbele na pembeni kidogo, kumkaribia. Hapa ndipo kila mwanafunzi mpya anapokwama, kwa sababu akili inasema umkimbie. Ukirudi nyuma unamsaidia kunyoosha kamba. Ukisogea, mkono wake unakunjika na nguvu ya mshiko inapungua.

4. Zungusha kigasha mpaka kidole gumba chako kielekee juu, usoni kwako. Huo ndio upande mwembamba, uko mlangoni.

5. Peleka kiwiko chako kuelekea kiwiko chake. Usifikirie kiganja kabisa. Kiwiko kikienda mbele na chini, kiganja kinapanda chenyewe kuelekea bega lako la kulia, kama unaipeleka simu kwenye sikio la upande mwingine. Kidole gumba chake kinafunguka.

6. Ondoka. Hatua mbili kamili, mikono mbele ya kifua imefunguka, macho kwake. Wajapani wanauita umbali huo ma-ai, na kwa mazoezi yetu upime hivi: akinyoosha mkono bila kupiga hatua asikufikie.

Hatua ya sita inasahaulika kuliko zote. Mtu anajinasua vizuri, anatabasamu, anabaki amesimama palepale. Mshikaji wetu ameagizwa jambo moja: mshikwa akibaki karibu, mshike tena mara moja, bila kusema neno. Baada ya mara tatu hakuna anayebaki.

Fanya mara kumi kila mkono kwa salamu, kisha kumi kwa dumu. Ukiona unatumia nguvu zaidi kwenye dumu, kiwiko kimebaki nyuma. Kosa hilo karibu kila mara ni la kiwiko.

Mshiko wa msalaba, mkono wake wa kulia kwenye kulia kwako, kama mnasalimiana na yeye akapitiliza. Hapa kidole gumba chake kiko upande wako wa nje, na mlango unahama. Kiganja chako kinazunguka kwa nje na juu, kama unampungia mtu aliye kulia kwako, kiwiko kikishuka mbele. Wanafunzi huukariri mshiko wa kwanza kisha wanautumia hapa, wanagonga ukuta wa vidole vinne. Ndiyo maana sipendi kusema "inua kwenda kushoto" au "kulia". Nasema tafuta gumba. Zoezi zuri: mshikwa afumbe macho, mshikaji amshike mkono wowote kwa namna yoyote, mshikwa ataje kwanza gumba liko wapi kabla hajasogea. Dakika tano tu kila kipindi, na miezi miwili baadaye ngozi yenyewe inajua.

Mikono miwili kwenye mkono wako mmoja. Vidole gumba vyote viwili viko juu, kwa hiyo mlango uko juu. Kunja ngumi safari hii, pitisha mkono wako huru katikati ya mikono yake kutokea juu, ikamate ngumi yako kama mpini, songa mbele na kiwiko, kisha leta vyote begani kwako. Nguvu inatoka kiunoni na miguuni. Mtu mwembamba anamtoka mtu mnene hapa kuliko anavyodhani. Akikushika vifundo vyote viwili, kila mkono ni mshiko wa kwanza. Toa mmoja, wa pili utafuata kirahisi kwa sababu mizani yake imevurugika.

Nguo, nywele, begi, na kukumbatiwa

Aliyeshika shati kifuani hana mlango wa gumba, kwa kuwa kitambaa kimejaza ngumi. Usihangaike kubandua vidole. Ubane mkono wake kwenye kifua chako kwa kiganja chako, ili asiweze kukusukuma wala kukutikisa. Peleka mguu wa upande ulioshikwa nyuma, geuza kiuno mpaka mkono wake unyooke, na kigasha chako kingine kiushinikize mkono wake juu kidogo ya kiwiko. Taratibu. Kiwiko kilichonyooka hakina pa kukimbilia, na huu si wa kufanyia kiwango cha tatu. Shati la mazoezi liwe la zamani. Magunia na mashati yaliyochakaa tunayakusanya kwa kazi hiyo.

Nywele au msuko ukishikwa, bana mkono wake juu ya kichwa chako kwa mikono yote miwili kwanza, ili anachovuta kiwe kichwa kizima na si ngozi, ndipo usogee kumfuata. Begi likishikwa, liachie. Nalirudia hili kila kipindi, na bado kuna anayelishikilia mpaka anaburuzwa. Tunafanya zoezi la kuachia begi kama tunavyofanya mengine, mara kumi, kwa sababu kuachia nako ni tendo ambalo mwili lazima uzoezwe.

Kukumbatiwa kwa nyuma mikono ikiwa imebanwa ndani ndiko kunakotisha zaidi, na mshikwa asilazimishwe. Baadhi ya watu wanaokuja kwetu walishawahi kushikwa hivyo kweli. Mwache aanze kwa kusimama tu, mwenzake nyuma bila kumgusa, na asimame hapo wiki nzima akitaka. Akiwa tayari: shusha uzito kwa kukunja magoti, toa pumzi kwa sauti, tanua viwiko pembeni kwa pamoja huku unashuka, sogeza nyonga kulia au kushoto ili utoke kwenye mstari wake, kisha geuka na uondoke. Ukishuka na kutanua kwa wakati mmoja unapata nafasi ya kupumua. Ukitanua kwanza ndipo ushuke, atakuwa ameshakaza.

Shingo sifundishi kwa watoto, na kwa watu wazima mshikaji anaweka mikono mabegani, hakabi.

Sauti

Karate na judo zina kiai, ule ukelele unaotoka pamoja na tendo, na dojoni tunaitumia. Nje tunafundisha maneno: "Niachie!", "Nisaidieni!", kwa sauti ya tumboni, wakati wa kusogeza kiwiko. Neno moja tumelipiga marufuku hata kwa mazoezi: usipige kelele "mwizi" mtu akikushika mkono. Sote tunajua neno hilo linakusanya watu gani na wanakuja na nini mikononi. Ulitaka kuachiwa, hukutaka mtu afe.

Wiki nane

Vipindi vitatu kwa wiki vya saa moja na robo vinatosha. Wiki mbili za mwanzo ni salamu tupu, mshiko wa kwanza na wa msalaba, na utachoka kwa kuchosha kwake. Vumilia. Wiki ya tatu hadi ya tano ni dumu, ukiongeza mikono miwili na nguo. Kuanzia wiki ya sita kamba ya ng'ombe inaingia: mshikaji anakushika na kutembea na wewe, anakuvuta kuelekea alama aliyoichora chini, nawe lazima ujinasue kabla hujaifikia. Hapo ndipo hatua ya tatu, ile ya kusogea karibu, inageuka kuwa rahisi ghafla: akikuvuta, mpe hatua, na kamba inalegea.

Wiki mbili za mwisho ni vurugu. Mduara wa watu watano, mshikwa katikati, yeyote anaweza kushika popote kwa dumu, mmoja baada ya mwingine, dakika moja. Baadaye anza ukiwa umechoka: kimbia mizunguko miwili kwanza. Mbinu itakayobaki baada ya uchovu ndiyo yako. Kwa wengi itakuwa moja au mbili, na hizo zinatosha.

Anayetaka zoezi lisimame anapiga kwa kiganja mara mbili, kwenye mwili wa mwenzake, wake mwenyewe, au chini. Mshikaji anaachia papo hapo. Miaka ya nyuma, nikiwa mgeni kwenye dojo moja mbali na hapa, mkubwa mmoja alinizungusha kifundo baada ya mimi kupiga, akisema nivumilie. Nilivumilia. Maumivu yalibaki kwenye kishimo kilicho chini ya kidole gumba, nikapaka dawa za kuchua wiki tatu, kumbe mfupa mdogo wa pale ulikuwa na ufa. Mfupa huo huweza kuvunjika mkono ukaonekana mzima, usivimbe sana, na hata picha ya kwanza ya eksirei isiuonyeshe. Kwa hiyo kishimo hicho kikiuma ukikibonyeza, nenda hospitali hata kama unaweza kushika kalamu, na maumivu yakiendelea rudi upigwe picha tena. Misuli tu ikiuma: maji ya baridi, pumzisha siku chache, rudi kwa salamu.

Mtu wa wiki ya tisa

Baada ya wiki nane mmezoeana mno. Mikono ya wenzako unaijua, na wao wanajua kiwiko chako. Tafuta mtu asiyefanya mazoezi: mjomba fundi mwashi, kaka anayepakua magunia ya zabibu au mtama, mama anayetwanga kila siku. Mwamkie, mweleze unachotaka, umwambie akushike kama hataki uondoke. Hatashika kama kitabu kinavyosema. Atashika juu ya kifundo, katikati ya kigasha, au atakushika vidole viwili tu na kuvibana. Fundi mmoja alinishika kigasha kwa kiganja chenye sugu, na mlango wa gumba niliokuwa nikiufundisha kwa miaka sikuuona. Mkono wake ulikuwa mkubwa kiasi kwamba ncha zilipitana. Nikasogea, nikapeleka kiwiko, haikutoka. Ikatoka mara ya nne, nilipompa hatua mbili badala ya moja.

Siku hiyo hiyo andika kwenye daftari alivyokushika, vidole vilikaa wapi na ulikwama hatua gani. Kipindi kinachofuata mfundishe mshikaji wako ashike hivyo, muanze tena kwa salamu.